Vigae vimetoka kwenye msingi wa zahanati: watu wa mambo ya kale watachimba nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu, wilaya ya Sengerema, karibu kabisa na ziwa. Mafundi walipoanza kuchimba msingi walitoa vigae vingi vya vyungu. Vingine vina mistari iliyokatizana kama wavu, na kitako kimoja kina kishimo kama cha kidole gumba. Kona moja ya kiwanja yametoka mavi ya chuma, yale mabonge ya uchafu unaobaki chuma kikiyeyushwa, mazito kweli. Wilayani wametuambia tusimame kwanza mpaka waje watu wa mambo ya kale. Wananchi wamechanga, saruji iko stoo, mvua zinakaribia. Wazee wengine wanasema hao wageni wanafuata mali ya Mjerumani. Naomba utueleze: watachimba nini, watakaa muda gani, na je, kiwanja chetu kitachukuliwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na saruji, maana nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Ipangeni juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta, muifunike turubai, na mifuko isipandane zaidi ya kumi. Ikitunzwa hivyo inavumilia miezi miwili bila kuganda, na kazi ya kuchimba mambo ya kale kwenye kiwanja cha zahanati haifiki huko. Kwa nilivyozoea mimi, ni siku mbili tatu za kukagua, kisha wiki mbili hivi za kuchimba, zikizidi sana tatu. Katika miaka yangu yote sijaona zahanati iliyokufa kwa sababu ya vigae. Nimeona zilizosogezwa hatua ishirini.

Sasa nije kwenye kile kitako, kwa sababu umekitaja kwa mstari mmoja tu na mimi kimenifanya nitamani kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kesho asubuhi.

Kishimo cha kidole chini ya chungu, pamoja na mistari iliyokatizana shingoni, ni alama ya vyungu tunavyoviita Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vigae vya aina hiyo viliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Tangu hapo vimepatikana karibu pande zote za ziwa hili: Uganda, Rwanda, Kagera, na utafiti uliofanyika mkoani Mwanza miaka ya 1960 uliviona upande huu pia. Kwa jumla vinakaa kati ya miaka 500 kabla ya Kristo na 800 baada ya Kristo. Waliovifinyanga ni miongoni mwa wakulima na wafua chuma wa mwanzo kabisa katika ukanda wa Maziwa Makuu. Kama kitako chenu ni cha Urewe kweli, basi aliyekibonyeza kwa kidole chake udongo ukiwa mbichi aliishi hapo zamani kuliko utemi wowote unaokumbukwa katika masimulizi yetu.

Nimesema "kama". Sijakiona, na kigae kilichokwisha kutolewa ardhini kwa chepe kimepoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, kwa hiyo nivumilie kidogo. Una vigae, na una mavi ya chuma. Mtu yeyote atasema: watu wa vyungu hivi ndio waliofua chuma hapa. Huenda ni kweli. Lakini kusini-magharibi mwa ziwa, Geita na Sengerema zikiwemo, waliishi Warongo, mafundi wa chuma ambao majembe yao yalinunuliwa Usukuma nzima, tena yakitolewa mahari. Kazi hiyo waliifanya mpaka nyakati ambazo babu zetu walizishuhudia. Kwa hiyo mavi ya chuma ya kona ile yanaweza kuwa ya miaka 1,700 iliyopita, au yakawa ya juzi tu, enzi za babu yake babu yako. Ukiyashika mkononi, yote yanafanana. Kinachotenganisha ni udongo yalimolala: je, yalikuwa tabaka moja na kile kitako, au juu yake sentimita arobaini, katika udongo wa rangi nyingine? Je, palikuwa na mkaa pamoja nayo? Palikuwa na shimo lililochimbwa makusudi, lenye kingo nyekundu zilizoungua?

Maswali hayo yanajibika mara moja tu. Ukiuondoa udongo bila kuuandika, huwezi kuurudisha ukauliza upya. Hata mimi nikichimba naharibu; tofauti yangu na sururu ya fundi ni kwamba nikiondoa tabaka nabaki na mchoro wake, vipimo vyake, picha zake na vilivyokuwemo, vikiwa kwenye mifuko yenye namba.

Basi watakachofanya kwenu ni hiki. Siku ya kwanza watatembea kiwanja chote na mashamba ya jirani, wakiwa wamejipanga mstari, hatua chache kati ya mtu na mtu, macho chini. Wanatafuta vigae vinaanzia wapi na vinaishia wapi. Msishangae wakiuliza majina ya udongo wenu. Mkulima wa Kisukuma akisema hapa ni luseni, yaani udongo wa kichanga, na pale chini ni mbuga, amemwambia mtaalamu jambo ambalo angelitafuta kwa siku nzima: watu wa kale nao walilima udongo mwepesi wa miteremkoni na kujenga palipo pakavu, na udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi ukameza vitu vya juu kwenda chini, kwa hiyo matabaka yake hayaaminiki sana.

Kisha watapiga mashimo ya majaribio, ya mraba, mita moja kwa mita moja, kwa kamba na pima maji. Hapo ndipo wanakijiji huchoka kutazama. Fundi wenu anashusha mita moja ya msingi asubuhi moja. Hawa watashusha sentimita kumi, wasimame, wapige picha, waandike, waendelee. Kifaa ni mwiko uleule wa kupigia lipu, ila umenolewa ukingo. Udongo wote unaingia kwenye ndoo na kupita kwenye chekecheke yenye matundu ya milimita chache. Kinachobaki juu ya wavu hukusanywa: kigae, kipande cha mfupa wa samaki, ushanga, punje ya nafaka iliyoungua. Kila sentimita kumi ina mfuko wake, na kila mfuko una karatasi inayosema shimo gani, kina gani, tarehe gani. Mfuko bila karatasi ni takataka, nawaambia wanafunzi wangu hivyo bila kupepesa macho.

Mkaa ukionekana, mtasikia wakiambizana msiuguse. Mkaa ndio saa yetu. Mti ukikatwa, kaboni 14 iliyomo huanza kupungua, na nusu yake huisha katika miaka 5,730. Maabara ikipima iliyobaki, inakadiria mti ule ulikufa lini. Jasho la kiganja au jivu la sigara linaweza kuuchafua, ndiyo maana huchukuliwa kwa ncha ya mwiko na kufungwa kwenye karatasi ya foili. Majibu hayaji wiki hiyo, na zahanati haihitaji kuyasubiri. Wakishachukua sampuli na kuchora matabaka, nyinyi mnaweza kumwaga zege huku mkaa ukiwa safarini.

Wakifika ile kona ya chuma watapunguza mwendo zaidi, na mimi ningekuwa hapo nisingeondoka. Chukua kipande kimoja kikubwa, kigeuze kwenye jua la asubuhi, utazame upande wa chini. Kama una mifereji midogo iliyolala pamoja, yenye vifundo kama vya mmea, hizo ni alama za matete. Wafua chuma wa kale wa ukanda huu walichimba shimo, wakalijaza matete au majani ya bwawani, wakajenga tanuri juu yake. Chuma kilipoiva, uchafu wake ulioyeyuka ulichuruzika chini katikati ya matete, ukaganda. Mmea ukaungua, umbo lake likabaki. Nimeshika vipande ambavyo unahesabu mistari ya jani kwa kucha. Tafuteni pia vipande vya udongo mwekundu ulioungua vyenye umbo la bomba, upande mmoja vimegeuka kama kioo cheusi: ndiko mvukuto ulikopulizia. Vikiwepo, basi palifuliwa palepale, havikuletwa na mvua.

Kuhusu mali ya Mjerumani. Siwalaumu wazee, maana uvumi huo una mzizi. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto na njia za kuleta fedha kutoka Ulaya zimefungwa, Wajerumani waligonga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwaka huohuo Waingereza waliingia Mwanza, Wajerumani wakaondoka. Dhahabu ya kweli, watu wanaokimbia, mwaka mmoja: hadithi ikajijenga yenyewe, na tangu hapo kila mgeni mwenye kamba na chepe anadhaniwa ana ramani. Lakini vyungu vyenu, kama ni Urewe, vimemtangulia Mjerumani wa kwanza kufika ziwani kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hakuna mtu aliyeficha rupia chini ya tabaka hilo. Wakaribisheni wazee hao wakae kwenye viti kando ya shimo tangu asubuhi hadi jioni, waone kila kinachotoka kinavyofungwa na kuandikwa. Ni haki yao, na hakuna hotuba inayoondoa shaka kama hiyo.

Hatari ya kweli ni wale wanaokuja usiku baada ya kusikia "kuna vitu vimetoka", na wengine wana mashine za kutafuta madini. Kuna mahali ufukweni tulipopima vizuri tukaenda kula Pasaka nyumbani. Tuliporudi, mraba wetu ulikuwa handaki, vyungu viwili vilivyokuwa vizima vimepigwa sururu kutafuta dhahabu ndani. Ndani mlikuwa na udongo. Nimeumia mara nyingi katika kazi hii, ila ile siku nilikaa chini nikashindwa kusema. Wekeni mlinzi, hata kama ni kijana mmoja na tochi.

Na hao wazee msiwaite kwa ajili ya kulinda tu. Kule Katuruka, karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, akasikiliza kwanza. Wazee wa Kihaya walimsimulia habari za mtawala Rugomora Mahe, na za mti uitwao Kaiija uliohusishwa na wafua chuma. Alipochimba palipotajwa, akakuta masalia ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Masimulizi ndiyo yaliyomwonyesha pa kuweka mwiko. Hata katika vyungu ni hivyo. Bibi mmoja aliwahi kuniletea uji kwenye eneo la kazi, akaokota kigae kwenye chekecheke, akasokota unyasi papo hapo, akauviringisha kwenye tope la ndoo: alama ileile. Nakshi ya kamba hiyo ilienea Maziwa Makuu baada ya Urewe kwisha, kwa hiyo kwa sekunde chache bibi yule alinieleza tabaka lile ni la zama zipi, kwa vidole vyake.

Sasa ya kufanya leo, kabla hawajafika. Msifukie mitaro. Ukuta wa mtaro aliochimba fundi ni kama kitabu kilichofunguliwa: ukiusafisha kidogo unaona matabaka yote kwa pamoja, na hiyo ni kazi ya siku mbili mmeshawafanyia. Lazeni mabati juu yake, mweke mawe, na mkate kifereji cha kuchepusha maji ya mvua upande wa juu. Kifusi kilichotoka kila mtaro kiachwe kando ya mtaro wake. Vigae vilivyokwisha kuokotwa viwekwe kwenye mifuko kwa jinsi mnavyokumbuka vilikotoka, kila mfuko na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika. Msivioshe, masizi na mabaki ya chakula yaliyogandia ndani ya chungu yanaweza kupimwa. Wanafunzi waliochukua vipande nyumbani waombwe kwa upole wavirudishe na waonyeshe walipoviokota. Wakikemewa watavitupa ziwani. Piga picha ya kila ukuta ukiwa na kiberiti au rula pembeni, ili ukubwa uonekane.

Sheria ni fupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Anayevigundua ana wajibu wa kutoa taarifa, na kuchimba kitaalamu kunahitaji leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Waombeni wageni wenu waonyeshe leseni hiyo kwa mtendaji wa kijiji. Mtaalamu wa kweli ataitoa kabla hujamaliza kuuliza. Kuuza au kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Miradi mikubwa, mfano wa reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, inabanwa pia na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kufanya tathmini ya athari kabla ya kuanza, na urithi wa kale ni sehemu ya tathmini hiyo. Ingekuwa vyema hata zahanati ikaguliwe kabla ya fundi kupewa ramani. Mtu mmoja kutembea kiwanja kwa nusu siku kungewaokolea wiki hizi.

Kuhusu kuchukuliwa kiwanja: kuonekana kwa vigae hakuhamishi umiliki wa ardhi ya kijiji. Kutangaza eneo kuwa hifadhi ya kumbukumbu ni uamuzi wa Waziri, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, na maeneo ya vigae ziwani humu ni mengi kuliko yanayoweza kutangazwa. Mara nyingi mwisho wake huwa mojawapo ya haya: pachimbwe pale tu jengo litakapokaa kisha mjenge, au jengo lisogee, au kama tabaka liko chini sana, msingi uinuliwe kwa kujaza moramu juu na kilichomo chini kiachwe kimelala. Hili la mwisho mimi hulipenda. Wajukuu zetu watakuwa na vifaa bora kuliko vyetu.

Ikitoka mifupa ya mtu, kila kitu kinasimama saa hiyohiyo. Polisi wajulishwe, maana mfupa haujitambulishi ni wa mwaka gani, na wazee wa ukoo wa eneo hilo waamue pamoja na wataalamu namna ya kuuheshimu. Hapo hakuna haraka inayohalalisha chochote, hata mvua.

Kuna jambo moja hukuniuliza nami nalitaka. Umesema mko karibu kabisa na ziwa. Ziwa hili halijawahi kutulia mahali pamoja: zaidi ya miaka 15,000 iliyopita lilikauka likajaa upya, kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na 2020 nyote mliona maji yalivyoingia kwenye mashamba na mialo. Makazi mengi ya kale yako chini ya maji au yameshasombwa. Wavuvi waliotengeneza vyungu kabla hata ya kilimo kufika hapa, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, waliacha ufukweni malundo ya makombe na mifupa ya samaki. Kwa hiyo chini ya kile kitako chenu huenda kuna tabaka jingine, la kijivu, lenye makombe meupe yaliyovunjikavunjika. Wakifika kwenye udongo usio na vigae wakataka kufunga shimo, waombe washuke sentimita thelathini zaidi katika shimo moja lililo karibu na maji.

Na fundi wako mweleze leo jioni: kama kwenye ukuta wa mtaro wa ile kona ya chuma kuna mstari mweusi ulioinama kama bakuli, huenda ni lile shimo la tanuri, asiukwangue, asiupige maji, asiuonyeshe watu kwa ncha ya chepe. Aufunike kwa gunia kavu na kunitumia picha.